Kurasa Alizoziruka Mwalimu Beth

Kwa Gachoki, karibu na kituo cha majani chai,
Manyatta, Embu.
Jumanne, 7 Oktoba 2025.

Mpendwa wifi yangu Muthoni,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi ndogo, zikufikie wewe uliye kwenye baridi kubwa. Habari ya Winnipeg? Habari ya kazi pale kwenye nyumba ya wazee? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia, au bado unainua wazee wazito peke yako kama kwamba huna wenzako? Natumaini Mungu amekuweka salama wewe na Mwenda na watoto, na kwamba mwaka huu mmenunua makoti mapema, theluji isiwakute tena mkiwa na sweta.

Sisi tu wazima kiasi. Kakako Gachoki anaendelea vizuri, ila goti lile humuuma mvua ikikaribia, na hospitali hataki kusikia. Anasema ataenda akiwa amebebwa. Cucu, nyanya ya watoto, anakula vizuri na kila Jumapili anauliza kama umerudi. Majani yanachumwa. Ng'ombe wetu mweusi alizaa ndume, na nilikasirika siku nzima.

Sasa utajiuliza mbona nakuandikia kwa karatasi kama mtu wa zamani, na simu ninayo. Ni kwa sababu kwenye simu unanikatiza, Muthoni, usikatae. Nikianza jambo la uchungu unaanza kunituliza kabla sijalimaliza, kisha salio linaisha, na mimi nabaki na jambo langu kifuani. Hili nataka ulisome lote. Fundi Kobia wa pale Embu mjini, yule wa kutengeneza redio na simu, atapiga picha karatasi moja moja akutumie. Nimemkataza asisome, na ninajua atasoma.

Ni habari ya Mukami.

Usishtuke, mtoto si mgonjwa. Lakini tangu Agosti hajawasha redio yake ya vitabu, na mtihani wa mwisho wa kidato cha nne ni mwezi ujao. Nachuma majani nikihesabu wiki zilizobaki, na mara mbili nimerudi nyumbani na kikapu nusu, jambo ambalo unajua si tabia yangu.

Wewe ndiye uliyemletea ile redio nyeupe yenye vitufe vikubwa, ulipokuja mara ya mwisho. Labda hujui kazi iliyofanya. Mukami alipopoteza macho kwa ile homa ya uti wa mgongo alikuwa darasa la sita, kwa hivyo vidole vyake vilianza kujifunza nukta nundu za wasioona vikiwa vimechelewa. Kuandika kwa mashine anaandika haraka ajabu, lakini kusoma kwa vidole kunamchosha, ukurasa mmoja unamla kipindi kizima. Yeye husoma kwa masikio. Ukimnyang'anya cha kusikiliza, umemtoa shuleni.

Huko shuleni kwake Meru kuna kabati limejaa kanda za msaada, vitabu vizuri vya historia na hadithi, na hakuna mashine hata moja ya kuzicheza. Ya mwisho ilikufa kabla Mukami hajaingia kidato cha kwanza. Baadaye zikaja sidii, zikakwaruzika. Kisha zikaja hizi kadi ndogo, na redio yako ikazipokea vizuri sana. Tukapumua. Nikadhani sasa tumefika. Kumbe wanaotengeneza vitu hivi hawachoki! Wakibuni umbo jipya, la zamani wanalitupa na vitabu vyake ndani, na mzazi anaanza upya. Kobia anasema hata redio yako siku hizi haitengenezwi tena. Ikiharibika ndiyo basi.

Mwaka huu ikawa zamu ya riwaya ya Kiswahili, ile watakayotahiniwa. Ya nukta iko shuleni, majalada mazito kadhaa, lakini nakala ni moja na wasioona ni wengi, na Mukami na vidole vyake yuko nyuma kwenye foleni. Iliyosomwa kwa sauti ipo pia, na wanasema imesomwa vizuri, lakini inapatikana kwenye programu ya simu peke yake. Imefungwa. Huwezi kuitoa huko ukaitia kwenye redio. Nilipiga simu kwa wenye programu, nikajibiwa na msichana mwenye adabu sana. Akaniambia unalipa kila mwezi, simu moja msomaji mmoja, na mwezi usipolipa kitabu kinaondoka. Nikamwuliza, kwa hivyo sinunui, nakodi? Akasema huo unaitwa usajili. Muthoni, shamba la kukodi nalijua, lakini hata mwenye shamba huniacha nivune viazi vyangu kwanza.

Na hata kama ningejikaza nikalipa, simu haingii shuleni. Nilimwendea mwalimu mkuu mwenyewe. Alinipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema akiruhusu simu moja leo, kesho atakuwa na simu mia mabwenini. Namwelewa. Kumwelewa hakukunisaidia kitu. Redio nyeupe wanairuhusu kwa sababu haina laini, lakini redio nyeupe haifungui kitabu kile. Unaona tulivyobanwa?

Hapo ndipo Mwalimu Beth alipojitokeza. Beth Karwirwa unamjua, aliwafundisha wewe na Gachoki mkiwa na kamasi puani, na sasa amestaafu. Ndiye anayesoma neno kanisani kila Jumapili, na akisoma hata wenye kusinzia huamka. Pia ndiye aliyemsimamia Mukami siku ya ubatizo. Alisikia ninavyolalamika kwa akina mama, akaninyoshea mkono. "Lete hicho kitabu. Nitamsomea mtoto wangu mwenyewe."

Hakutaka hata nauli. Alijifungia kile chumba cha nyuma ya madhabahu kwa sababu hakuna kelele, na chupa yake ya chai ya tangawizi, akasoma akijirekodi kwa simu wiki nzima mpaka koo likamkauka. Akaongeza na maelezo ya historia na ya dini, bila kuombwa. Kobia akaviweka kwenye kadi. Mwanzoni sura zilijipanga ovyo, baada ya ya kwanza ikaja ya kumi, na Mukami akacheka akasema Rukia amezeeka haraka. Rukia ndiye msichana wa kitabu hicho. Kobia akarekebisha. Likizo yote ya Aprili mtoto alisikiliza akichambua maharagwe, na mimi nikapita uani nikimshukuru Mungu kwa ajili ya Beth. Mwalimu wao wa Kiswahili alikuwa amehamishwa, kwa hivyo darasani hawakukisoma kitabu kile pamoja. Waliambiwa wajisomee nyumbani.

Basi mtihani wa majaribio ukaja. Swali likauliza ni kwa nini Rukia aliacha shule. Mukami akajibu bila wasiwasi: malaria. Aliandika karatasi mbili nzima, Muthoni, namna malaria inavyowanyima watoto wa maskini elimu, na zahanati zilivyo mbali, na serikali akaiweka humo ndani ikasemwa vizuri. Mwalimu mpya akadhani anafanyiwa mzaha. Akalisoma jibu mbele ya darasa. Walicheka mpaka wakapiga madawati.

Kwa maana Rukia hakuugua malaria. Rukia alibakwa na mwalimu mkuu wa shule yake, akashika mimba. Ndiyo habari ya kitabu kizima. Ukiitoa hiyo, hakuna kitabu.

Ona, nimeandika. Kuandika nimeweza.

Jioni hiyo Mukami alinipigia kwa simu ya matroni. Hakunisalimu. Akauliza, "Mama, Rukia aliugua nini?" Nikamjibu kwamba sijui, mimi kitabu sikukisoma, nilikinunua nikakifunga na gazeti kisichafuke, nikampa Beth. Akasema, "Darasa zima linajua isipokuwa mimi. Ulijua?" Nikamwapia. Alimrudishia matroni simu bila kuniaga, nikajua hakuniamini.

Tangu siku hiyo redio iko sandukuni. Si riwaya peke yake, ni kila kitu, hata historia, hata dini. Matroni akimbembeleza anasema: kama aliruka pale, nitajuaje kwamba hakuruka kwingine? Sasa anangoja wenzake wapate nafasi wamsomee, na wenzake nao wana mtihani wao. Huyu ni mtoto aliyekuwa wa tatu katika darasa lake. Anataka kuwa wakili, amesema hivyo tangu akiwa mdogo, na ukibishana naye unaona kwamba atakuwa. Akianguka sasa hatutakuwa na nguvu ya kumrudisha, na yeye mwenyewe hatakuwa na moyo wa kurudi. Hicho ndicho ninachokiogopa.

Nilimwendea Beth nikiwa nimewaka. Nilimkuta kwake anamenya njegere. Hakukana hata kidogo, aki ya Mungu.

"Nilisoma mpaka pale," akaniambia, "nikainua macho, na msalaba uko mbele yangu. Kiende, maneno yale ningeyatamka nyumbani mwa Mungu? Tena kwa mtoto niliyembeba mkononi akibatizwa?"

"Ungeniambia mimi!"

"Nikuambie ufanye nini? Ungemsomea wewe?"

Nikachukua njegere nikaanza kumenya. Huyo mama amezoea kunyamazisha darasa. Na ile malaria, Muthoni, aliitunga! Aliona Rukia ametoweka shuleni bila sababu, akamtafutia ugonjwa wa heshima. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Siwezi hata kumchukia, kwa sababu najua koo lililomuuma wiki ile lilimuuma kwa upendo.

Lakini swali lake lilinifuata mpaka nyumbani. Unajua tulivyo. Mimi ni mtu wa Meru na nyinyi ni wa Embu, na kwa mambo mengi mnanicheka, hata ninavyopika mukimo, lakini katika hili tuko sawa. Mama hamwambii binti yake maneno hayo. Ni ya shangazi, ni ya nyanya. Yangu niliambiwa na shangazi Nkirote katikati ya shamba la mahindi, na mamangu akajifanya hajui tulikokwenda. Shangazi wa Mukami ni wewe, nawe uko Winnipeg. Cucu siku hizi anachanganya hata majina yetu. Sikulaumu, ulienda kutafuta, na tunakula katika ulichotafuta. Ila nafasi yako ilibaki wazi na hakuna aliyekaa hapo, si mimi, si mwingine. Mtoto amefika miaka kumi na minane, haoni, analala mbali na nyumbani, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyewahi kumwambia mtu mbaya hufanya nini.

Baada ya hapo nilichukua kitabu, nikaweka sauti ya Beth masikioni, nikafuata mistari kwa kidole. Unajua mimi niliachia darasa la saba. Nilienda pole pole, nikisimamisha, nikirudia, kila nilipotoka kwenye majani. Nimepata mahali patatu alipoparuka. Pa kwanza ni pale mwalimu mkuu anapomwita Rukia ofisini na kufunga mlango. Pa pili ni pale Rukia anapomwambia mamake. Pa tatu ni kujifungua. Historia na dini nimevikagua vyote, na huko Beth hakugusa hata nukta. Nimemwambia Mukami hivyo. Amesema sawa, lakini sawa ile haikuwa na kitu ndani.

Kwa hivyo nakuomba, wifi. Usome wewe zile sehemu tatu, kwa simu yako, huko huko ulipo. Ni maneno yako kwa haki. Kobia atakutumia picha za kurasa, nawe utamtumia sauti. Anasema simu zenu za huko hurekodi kwa umbo tofauti, lakini atajua la kufanya. Tarehe kumi na nane ni siku ya maombi shuleni, wazazi tunaenda kuwaombea watahiniwa, wenzake wakiinua kalamu na Mukami wangu akiinua mashine yake. Nataka siku hiyo nimpe kadi mkononi. Baada ya hapo hawaruhusu mzazi kuingia tena mpaka mtihani uishe.

Tafadhali usiseme kazi ni nyingi.

Jumamosi, 11 Oktoba.

Muthoni, barua hii ilikaa mezani tangu Jumanne na sasa mambo yamegeuka. Nilitaka kuichana nianze upya, lakini nimeangalia nilivyoandika nikaona ni heri uisome hivyo hivyo, ujue yote.

Mukami alipiga Alhamisi. Nilikuwa na furaha ya kumweleza mpango wangu, kwamba shangazi yake atasoma, na shangazi hana haya. Nilidhani atafurahi. Akasema, "Mama, hata shangazi ana anachonionea haya. Kila mtu ananisomea kile anachopenda nisikie."

Nikamwambia anakukosea. Akasema hajakukosea, anasema tu ilivyo. Kisha akaniambia neno ambalo sijalitoa kichwani mpaka sasa. "Wenzangu wanajua cha kuogopa. Mimi mmenificha hata cha kuogopa."

Ngai!

"Soma wewe," akasema.

"Mukami, mimi sijui kusoma vizuri. Nitakwama kila mahali."

"Kwama. Sauti yako naijua kuliko zote. Ukiruka nitajua, na ukipunguza nitajua."

Matroni akataka simu yake, tukaishia hapo.

Usiku ule, naomba unisamehe, nilikuwa nakutupia wewe lawama, na Beth, na Gachoki ambaye alikuwa amelala. Asubuhi niliacha majani. Niliingia stoo, nikafunga mlango, nikakaa juu ya gunia la viazi na kitabu magotini na simu ya kurekodi mkononi. Gachoki sikuwa nimemweleza kitu. Alijua mtoto amefanya vibaya majaribio, akisema majaribio ni majaribio tu, lakini kile kisa chenyewe ningemwambiaje? Ni babake.

Nikasoma ile ya kwanza. Nikajisikiliza. Muthoni, lile neno halikuwepo! Nililisema na midomo ililisema, nina hakika, lakini nililivuta chini mpaka likazama. Mtu angedhani simu imekatika. Hapo nikamwelewa Beth mpaka mwisho, na nikaogopa zaidi, kwa sababu Beth aliamua kuruka, na mimi niliruka bila kuamua.

Nikarudia. Safari hii nililisema kwa sauti kubwa mno, kama mtu anayeita kuku. Nikarudia tena. Ndipo nikasikia kitu nje. Ukuta wa stoo ni mbao, unazijua zile nyufa. Gachoki alikuwa amesimama hapo, na sijui alikuwa amesimama tangu lini. Nilizima simu. Nikangoja aulize mkewe amerukwa na akili gani, kujifungia na viazi kutamka maneno kama yale.

"Kiende," akasema.

"Nini?"

"Unameza mwisho wa maneno. Soma pole pole. Mbwa nimemfunga."

Kisha nikamsikia akivuta ndoo, akaipindua, akaikalia. Alikaa hapo mpaka nikamaliza zote tatu, akifukuza kuku. Hatujalizungumza jambo hilo na sidhani tutalizungumza. Ila leo asubuhi tukinywa chai aliniuliza ghafla, "Yule mwalimu mkuu alifungwa?" Nikamwambia bado sijafika huko. Akasema nikifika nimwambie.

Nilichokiogopa kilikuwa sehemu ya kwanza, na hiyo nimeimudu. Sikujua kwamba ya pili inaningoja. Rukia anarudi nyumbani, anamkuta mamake anapepeta, anamwambia. Na mamake anamwambia anyamaze, majirani watasikia. Ni hayo tu, hakuna neno chafu hata moja katika ukurasa ule. Beth aliuruka kwa sababu ulikuwa unafuatana na ule wa ofisini. Lakini mimi sikuupita. Nilikwama, nikarudi juu, nikakwama tena palepale, na machozi yakawa yananiharibia kitabu. Nikamaliza hivyo hivyo nikilia. Sikuwa na nguvu ya kuusoma mara nyingine.

Sasa ombi langu si lile la kwanza. Sitaki usome. Nataka usikilize.

Kobia atakutumia sauti yangu na picha za kurasa zote za sehemu hizo tatu. Weka kurasa mbele yako, sikiliza ukifuata kwa kidole mstari kwa mstari kama nilivyofanya mimi na sauti ya Beth. Macho yangu si ya kusoma, Muthoni, yanaruka mstari bila kuniambia. Na Mukami atapata nakala ya nukta siku moja, au rafiki atamsomea, na akikuta mstari mmoja umepungua hataamini kwamba ni macho. Atasema mama naye. Hapo ndipo nitakuwa nimempoteza, na mtihani utakuwa jambo dogo. Kwa hivyo usinionee huruma na usinisifu. Niambie ukurasa na mstari. Hata kama ni neno moja, hata kama ni lile lile. Nitaingia stoo tena. Nakuomba uniambie kabla ya Alhamisi, ili Kobia awahi kubadilisha kadi.

Na jingine, hili halina haraka. Mtihani ukiisha mtoto atakuwa nyumbani mpaka mwaka mpya. Mpigie simu wewe, si mimi. Ongea naye mambo ya shangazi, hata kama umechelewa. Atakuuliza maswali magumu, maana ndivyo alivyo. Usimpe malaria.

Nisalimie Mwenda, umwambie shamba lake la Siakago halijavamiwa na mtu, Gachoki alipita huko juzi na mtama umeota. Nisalimie Kinya na Adrian, na huyo Adrian mwambie ajifunze kuniandikia hata mistari miwili ya Kiswahili, nitamsahihishia mimi wa darasa la saba. Cucu anakusalimu sana na kukutemea mate ya baraka kifuani. Kakako anakusalimu. Beth pia ametuma salamu. Nilifikiria kuzikalia, lakini nimeamua kuzifikisha.

Mungu awalinde katika nchi hiyo ya watu, awape joto na kazi isiyovunja mgongo, na awarudishe mkiwa wazima mtukute tukiwa wazima.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda na kukusumbua,
Kiende.

Nyongeza: Niko hapa dukani kwa Kobia, barua iko mezani kwake tayari kupigwa picha. Amesikiliza sauti yote bila kuniangalia usoni. Anasema kwenye sehemu ya pili kilio changu kinasikika sana, na kupenga kamasi pia, na kwamba kwa kompyuta yake ni kazi ya dakika tu kukata hapo pakawa safi. Nimemwambia asikate kitu.